Bati la Kerende

Mpenzi wa vitendawili wa pwani analijua neno "tega" kuwa ni mwaliko: aliyekaa kitako anampa mwenziwe ruhusa ya kuweka mtego wa maneno. Bara, katika wilaya ya Tarime mkoani Mara, kitenzi hicho hicho kimezaa jina la nyumba. "Tegesha" ni nyumba iliyojengwa ihesabiwe, si ilalwe. Kuta zake huenda zikawa za fito na udongo, au tofali zisizopigwa lipu, au mabati matupu yaliyopigiliwa kwenye miti. Juu ni bati. Mwenyewe halali humo. Anamngoja mthamini.

Kerende ni kimoja kati ya vijiji vinavyopakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, pamoja na Nyangoto, Kewanja, Genkuru na Nyamwaga. Uzalishaji mkubwa wa mgodi huo ulianza mwaka 2002. Ukaingia mikononi mwa Placer Dome mwaka uliofuata, na mwaka 2006 ukawa wa Barrick. Kila mashimo yalipopanuka, ardhi ilitakiwa, na anayeondoshwa hulipwa fidia ya majengo na mazao yake. Hapo ndipo bati lilipopata thamani ambayo mafundi wake wa kwanza hawakuiota. Nyumba ya nyasi huandikiwa kidogo. Ya bati huandikiwa zaidi.

Mafundi hao walikuwa Uingereza. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hataza ya chuma chenye mikunjo mwaka 1829. Mikunjo ilikipa chuma chembamba nguvu ya kujibeba chenyewe, na muongo uliofuata Wafaransa walionesha namna ya kukivika zinki kisishikwe na kutu upesi. Kikawa chombo cha safari: hupangwa melini kama kurasa za kitabu. Unguja kilikuja kufunika mapaa bapa ya Mji Mkongwe yaliyokuwa yakivuja masika. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilikisambaza bara. Nairobi ya mwanzo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mji wa mabati, paa na ukuta.

Wakurya wa Tarime walikuwa na nyumba yao: ya mviringo, fito na udongo, paa la nyasi, mji mzima ukikaa karibu na zizi la ng'ombe. Si nyumba ya kudharauliwa. Mchana wa jua ndani ni baridi, usiku joto la moto hubaki, na mvua ikinyesha watu husikilizana. Lakini nyasi huoza na kutaka kuezekwa upya, na huwaka. Katika nchi ambayo wizi wa mifugo na ugomvi wa koo umewahi kuishia kwa kuchomeana nyumba, hilo si jambo dogo. Hata Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake walichangishana katika vikundi vilivyoitwa kwa jina la mabati, wakiezekeana nyumba moja baada ya nyingine. Hawakufanya hivyo kwa fahari tu.

Faida nyingine ya bati, huko Kerende, ni maji. Mwezi Mei 2009 maji ya mgodi yalivujia mto Tigithe, ambao wanavijiji waliutumia wao na mifugo yao, na tangu hapo mto huo haukuaminika tena kama zamani. Mvua inayotoka kwenye bati huingia pipani. Inayotoka kwenye nyasi hutoka na rangi ya chai. Aliyewahi kuuogopa mto wake ataona kwamba kelele za bati usiku ni bei nafuu.

Ukutani habari ni nyingine. Ukuta wa bati hunyonya jua tangu asubuhi, na usiku huitoa hari yote nje. Chini, panaporukiwa na tope na mkojo wa ng'ombe, huliwa na kutu kwanza. Bati la geji 32, jembamba kuliko la 28, hubonyea kwa teke la ndama. Anayeishi humo kwa dhati hutafuta udongo haraka.

Ajabu iko katika kuhesabu. Mwaka 1897 utawala wa Kijerumani uliweka kodi ya kibanda, na Waingereza waliowafuata wakaiendeleza. Nyumba ilihesabiwa ili mwenyewe atoe, kwa hiyo watu wa sehemu nyingi walijibana wengi katika chache. Karne moja baadaye nyumba huhesabiwa ili mwenyewe apewe, nazo zimeongezeka. Wanaowaita wajenzi wa tegesha matapeli wana hoja, khasa kwa kuwa miongoni mwao wamo wageni wenye fedha walionunua nafasi kwa wenyeji, na kwa kuwa mabishano juu ya nyumba tupu humcheleweshea malipo mjane anayeishi katika nyumba ya kweli jirani. Lakini kanuni inayopima jengo, isipime umbali wa malisho, imemfundisha mwanakijiji ni kitu gani kina bei.

Bati lina sifa moja zaidi. Nyumba ya udongo ikibomolewa hubaki udongo. Bati hung'olewa misumari, hufungwa kwa kamba, hubebwa kwa pikipiki hadi kiwanja kipya. Huko hupigiliwa tena, kwa misumari mipya, na mvua ya kwanza huingia kwa matundu ya ile ya zamani.