Wazo Lililokaa Bondeni: Kikuubo na Mipango ya Kampala

Katika usanifu wa mandhari, wazo lenye nguvu hupimwa kwa maamuzi yake: maji yapite wapi, watu wapite wapi, mti usimame wapi na kwa sababu gani. Kwa kipimo hicho, mipango ya Kampala haikukosa mawazo. Daktari W. J. Simpson, katika ripoti yake ya 1914 kuhusu afya ya miji ya Afrika Mashariki, alitaka makazi yatengwe kwa rangi, na ukanda usiojengwa ukae katikati. Mpangaji miji A. E. Mirams akaja na mpango wake mwaka 1930. Mwaka 1947 Ernst May akatoa mpango wa Kololo na Naguru. Huyu alikuwa fundi kweli: kule Frankfurt alijenga mtaa wa Römerstadt juu ya bonde la mto Nidda, na bonde lenyewe akaliacha wazi. Kampala nako barabara zake zilifuata umbo la vilima. Ila Waafrika walipangiwa Naguru, na kijani kilichopendeza ramanini kikawa mpaka.

Wakati wasanifu wakivipamba vilima, bonde la Nakivubo lilijipangia lenyewe. Uwanja wa mpira ulifunguliwa huko 1926, soko la Owino likafuata 1971, na stendi za mabasi na teksi zikakaa jirani. Katikati ya msongamano huo ndipo kilipo kichochoro cha Kikuubo. Rais Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ya mjini ilibadili mikono, lakini mantiki ya mahali haikubadilika: mwenye duka wa Gulu au Arua hushuka kwenye basi, hulinganisha bei kwa hatua chache, na mpagazi humpelekea mzigo stendi. Wembamba wa njia, ambao mpangaji angeuita kasoro, ndio unaowaweka wauzaji wa jumla uso kwa uso.

Atakayepinga atasema vurugu si usanifu, na kwamba gari la zimamoto halipiti penye mabunda. Ni kweli, na hoja ya moto haina jibu jepesi. Lakini kupanua njia tu, bila kujua kwa nini watu wamejibana hapo, ni kurudia kosa la May: umbo zuri lisilouliza wenyeji wanaishije. Udhaifu halisi wa Kikuubo uko kwingine. Wazo lake lilijibu mwendo wa watu, halikujibu maji. Sakafu ya bonde ilizibwa kwa saruji, na mvua kubwa hudai njia yake.

Basi mpango wowote mpya uanzie kwa mpagazi na mfereji, ndipo uje kwenye majengo. Maana maji ya Nakivubo hupitia kinamasi hadi Ghuba ya Murchison, na mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala kutoka ghuba hiyo hiyo.