Hiace ya turbo ikipoteza nguvu kwa ghafula: pa kuangalia mbele ya kununua turbo ingine

Kwenye barabara ya Butembo–Beni, kilometa 54, Hiace ya mazuti ikipoteza nguvu kwenye mupando si shida ya shofere peke yake. Abiria wako ndani, mizigo iko juu, na wengi hawapendi kukutwa na giza njiani. Kwenda Kasindi, kilometa 80 toka Beni, ni vile vile. Na upande wa Eringeti na Komanda, kwenye magari yamekuwa yakitembea kwa konvoi ya wanajeshi, gari isiyo na nguvu inabaki nyuma. Njo maana tunaandika hapa mambo ya kuangalia, kwa shofere na kwa mwenye gari, na pia kwa mama muchuuzi mwenye anakodisha gari na anataka kujua kama anaambiwa ukweli.

Tunazungumuza juu ya magari ya zamani yenye turbo, zile za moteri 2L-T na 1KZ, na zilizokuja nyuma, 1KD na 2KD. Moteri 2L, 3L na 5L za kawaida hazina turbo. Kuko watu walishauziwa dawa ya turbo kwa gari isiyokuwa nayo, kwa hiyo anza kwa kusoma jina la moteri.

Halafu uliza: ni moteri imechoka, ao ni gari inakatazwa kutembea? Ukikanyaga na moteri inalia kwa nguvu lakini gari haiongezi mwendo, ambreyaji inateleza. Ukisimama na jante moja inachoma kuliko zingine, freni inakamata. Hizo mbili hazina uhusiano na turbo hata kidogo.

Kama ni moteri kweli, angalia moshi. Moshi mweusi maana yake mazuti ni mingi kuliko hewa: filtri ya hewa imejaa vumbi, tiyo ya turbo imepasuka, ao vavu ya EGR imebaki wazi. Moshi wa bulu ni mafuta ya moteri yanaungua. Moshi mweupe moteri ikiwa imeshapata moto ni mazuti isiyoungua vizuri, ao maji ya radiateri yameingia ndani. Na kama nguvu imepotea lakini moshi hauonekani, fikiri mazuti haifiki.

Hapa kwetu, hii ya mwisho ndiyo ya kuanza nayo. Mazuti nyingi inauzwa kwa bidoni kandokando ya barabara, kwa wale tunaita Kadhafi, na bidoni imepita mikono mingi. Maji ni mazito kuliko mazuti, yanashuka chini ya tanki. Weka mazuti kidogo ndani ya chupa inayoonekana ndani, iache robo saa bila kuitikisa: maji na uchafu vitakaa chini. Petroli ya taa iliyochanganywa haionekani hivyo, na ni mbaya zaidi, juu pompi ya injeksio za moteri hizi inalainishwa na mazuti yenyewe. Ikikosa ulaini, inajikwaruza ndani, na pompi si kitu cha bei ya filtri.

Dalili ya filtri ya mazuti iliyoziba ni hii: gari inaenda vizuri kwenye tambarare, lakini ikipakia na kuanza kupanda upande wa Maboya inakufa nguvu. Unasimama dakika kumi, inarudia, unaenda kidogo, inakufa tena. Chini ya filtri nyingi za Toyota kuko skuri ya kutoa maji, na juu kuko pompi ya mkono. Fungua skuri, toa maji mpaka mazuti safi itoke, funga, kisha pompa mpaka mkono usikie ugumu. Taa ya filtri ikiwaka kwenye tablo, ni maji inakuambia, usiizoee.

Fungua pia kizibo cha tanki. Kikivuta hewa kwa sauti, tundu lake la kupumulia limeziba na tanki inakataa kuachilia mazuti. Kulisafisha hakulipishwi.

Kama ungali na mashaka, kuko jaribio ambalo mekanisie mzuri analijua: anatoa tiyo ya tanki na kulisha moteri kutoka bidoni ndogo yenye mazuti safi. Nguvu ikirudi, kosa liko nyuma, kwenye tanki ao tiyo zake. Isiporudi, kosa liko mbele. Akiweka kipande cha tiyo inayoonekana ndani mbele ya pompi, ataona pia kama kuna mapovu ya hewa. Mapovu yanaeleza kwa nini gari inakataa kuwaka asubuhi.

Sasa turbo. Butembo iko juu kuliko Beni kwa mita mia kadhaa, na kila mita 1000 ya kupanda hewa inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Turbo inafidia upungufu huo kwa kusukuma hewa ndani. Kwa hiyo turbo isiyofanya kazi inajionyesha zaidi kwenye safari ya kupanda, kwa moshi mweusi mwingi. Lakini mara nyingi turbo yenyewe ni nzima, na kosa ni tiyo ya kaucho iliyochomoka ao kolie iliyolegea. Sikiliza mlio wa "fuuu" wakati mtu anakanyaga. Angalia pa kuungana kama kuna majimaji ya mafuta mapya. Shika tiyo kubwa: moteri ikikanyagwa inatakiwa kuwa ngumu mkononi. Angalia na vitiyo vidogo vinavyoongoza turbo, vinapasuka kwa sababu ya moto.

Kwa kuangalia turbo yenyewe, zima moteri, ngoja ipoe kabisa, toa tiyo ya hewa na shika ekseli ndogo katikati. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza mbele na nyuma, ao mabawa yakigusa ukuta, imekwisha.

Moteri zenye kompyuta zinajilinda: zikiona kosa zinapunguza nguvu na kuwasha taa ya moteri. Ukizima na kuwasha, nguvu inarudi kwa muda. Usidanganyike hapo, tafuta mtu mwenye skana asome kosa. Kwa 1KD na 2KD, vavu inayopima mazuti kwenye pompi inajulikana kwa kuganda.

Kama sindano ya joto imepanda, simama, na usifungue radiateri ikiwa moto. Na kama nguvu ilipotea kwa mara moja, na moteri inawaka kwa shida na kulia ovyo, mkanda wa distribusio unaweza kuwa umeruka meno. Hiyo gari ivutwe, isilazimishwe.

Kuna hatari moja ambayo kila shofere ajue. Turbo ikivunjika ndani, moteri inaweza kuanza kunywa mafuta yake yenyewe: inapanda mbio, moshi wa bulu unajaa barabara, na ukizima ufunguo haizimiki. Usiingize mkono kwenye hewa ya moteri. Kanyaga freni kwa nguvu zote, weka gia ya juu, achilia ambreyaji ili moteri ijifunge. Teremsha watu, wasogee mbali.

Mwenye gari akiambiwa turbo imekufa, aulize imekufa juu ya nini. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika, ikibebwa na mafuta membamba tu. Kama tiyo ya mafuta inayoilisha imeziba, ao mafuta ni ya zamani na mazito, turbo mpya itakufa kama ile ya kwanza. Tiyo hiyo itolewe na isafishwe, mafuta na filtri vibadilishwe, halafu turbo ndiyo ifungwe. Na kila mara mkifika stendi baada ya kupanda, acha moteri izunguke dakika moja ao mbili mbele ya kuizima, hata kama wabeba mizigo wanapiga kelele.