Ndui Iliyonyamazisha Msitu

Ndugu msomaji, ndui ya kuku unaijua: vile vinundu vya usoni. Kwetu uani bibi aliwapaka kuku mafuta, basi, yakaisha. Mie nilidhani ni maradhi ya kuku tu. Kumbe!

Visiwa vya Hawaii havikuwa na mbu hata mmoja. Mwaka 1826 waliingia kwa meli, kwenye mapipa ya maji. Ndui ya ndege ilipofika, mbu wakaisambaza. Ndege waimbao wa huko, ambao miili yao haikuizoea, wakaota vidonda machoni na miguuni. Mwingine hakuweza hata kushika tawi. Malaria ya ndege nayo ikawafyeka, huku panya na ukataji misitu vikimalizia. Wengi waliosalia wamebaki milimani, kwenye baridi isiyopendwa na mbu.

Kisiwani Kauai, oo wa mwisho alisikika mwaka 1987, akimwita mwenzi asiyekuwepo. Mwaka 2023 Marekani ikatangaza kuwa ametoweka. Sauti yake imebaki kwenye kanda.

Wenzangu wa kalamu, tunakimbilia kuandika habari za wafalme na vita. Kumbe hata pipa la maji lina historia, tena yenye msiba. Nani ataiandika?