Kuvuta Maji ya Chupa

Mjamzito akisema "chupa imepasuka," hakuna mkunga atakayetafuta vipande vya gilasi. Maji yanayomzunguka mtoto tumboni yana jina lake wodini, na kwa jina hilo amniosentesisi ingefaa iitwe kuvuta maji ya chupa. Kigiriki, lilikotoka neno hili, hutaja kudunga. Kudunga ni mlango tu. Kwa kawaida kati ya wiki ya 15 na ya 20, daktari, macho kwenye ultrasaundi, hupitisha sindano ndefu nyembamba kwenye tumbo la mama na kuvuta takriban mililita 20 za maji ya manjano hafifu, yenye seli zilizopukutika kwa mtoto.

Mbona nisiseme "kupima maji ya chupa"? Kwa sababu kuvuta ni kule kule. Kupima ndiko kumegeuka mara nyingi. Mwaka 1956 jijini Copenhagen, Fritz Fuchs na Povl Riis walizitazama seli hizo kwa darubini wakatambua jinsia, basi. Hata hivyo ilikuwa habari nzito kwa familia zenye himofilia, ugonjwa unaowapata hasa wavulana. Mwaka 1966 Mark Steele na Roy Breg wakazikuza seli hadi kromosomu zikahesabika.

Mwaka 1978 ikaja zamu ya selimundu. Yuet Wai Kan na Andrée Dozy, wakiwa San Francisco, walisoma DNA ya seli hizo. Kasoro yenyewe hawakuiona. Walitafuta alama iliyo jirani na jeni, ambayo kwa Wamarekani weusi mara nyingi huandamana na selimundu. Miaka miwili baadaye wao wenyewe wakaonyesha kwamba kwa Wakenya mambo ni tofauti: selimundu yao kwa kawaida haina alama ile. Mama wa Kisumu angevutwa maji kwa ustadi wote, na alama isimfae kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo vilipotumika vimeng'enya vinavyobainisha kasoro yenyewe, na asili ya wazazi ikaacha kuwa kikwazo.

Tangu Dennis Lo na wenzake waonyeshe, mwaka 1997, kwamba DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama, sindano ya tumboni imepungukiwa kazi. Lakini kipimo cha damu ni cha mchujo. Kikiashiria ugonjwa wa Down, uthibitisho bado hutafutwa kwenye kondo la nyuma au maji ya chupa.