Kompyuta ya nyumbani Songo: namna ya kukinga faili na maji, umeme, virusi na mwizi

Kompyuta, ao ordinatere kama wengi wanavyoiita muji wa Uvira, inaweza kununuliwa tena, hata ya okazioni. Lakini TFC yenye mwanafunzi ameandika kwa miezi sita, picha za ndoa, hesabu za duka ao daftari la AVEC la mutaa havipatikani kwenye duka lolote. Ndiyo sababu, wakati mutu anafikiri juu ya usalama wa kompyuta yake, aanze na swali hili: mashini hii ikipotea leo usiku, ni nini chenye hakitarudi tena?

Kwa mukaaji wa Songo, ya Kasenga ao ya Kavimvira, hatari zinajulikana: maji, umeme wa kukatika-katika, flashi zenye virusi, na mwizi. Kila moja ina dawa yake, na nyingi haziombi feza.

Maji

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kali ilijaza mito inayokata muji wa Uvira, zaidi sana Mulongwe. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia ndani ya nyumba za pembeni. Ziwa hili lina fasi moja tu ya kutokea maji, ni muto Lukuga kule Kalemie. Kwa hiyo likijaa, halishuke haraka.

Kwa hiyo kompyuta isilale chini, hata usiku mumoja. Ralonje nayo ifungwe juu ya ukuta ao ya meza, juu maji ya kufika kwenye kifundo cha muguu tu yanatosha kuunguza prizi na kuua mutu. Wakati wa mvua kubwa, chomoa kila kitu, kisha weka kompyuta ya kubeba ndani ya mufuko wa plastiki wenye kufungwa muzuri, fasi ya juu.

Kompyuta ikilowa, kosa kubwa ni kuiwasha "ili kuona kama inatembea". Umeme ukikuta maji ndani, ndipo inakufa kabisa. Zima, chomoa sharjere, toa batiri kama inatoka, igeuze klavye itazame chini, na iache ikauke siku kadhaa fasi yenye upepo. Muchele hauvute maji yaliyo ndani ya mashini. Unaacha vumbi tu. Na kama mashini imekufa, usiitupe: mara nyingi diski iko nzima. Fundi anaweza kuitoa na kuisoma kwenye kompyuta ingine. Asifungue diski yenyewe, juu vumbi kidogo tu linaiharibu.

Umeme

Umeme wa SNEL wa huku unatoka kwenye mabwawa ya muto Ruzizi. Ruzizi II inatumika tangu 1989, nayo inagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ya muto yakipunguka ao watumiaji wakizidi, delestaje inaanza.

Kukatika kwenyewe kunapoteza kazi yenye haijahifadhiwa. Lakini chenye kuunguza mashini zaidi ni kurudi: umeme unaweza kurudi na nguvu kupita 220, kisha kushuka, kisha kupanda. Basi umeme ukienda, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano ao kumi mbele ya kuchomeka.

Watu wengi wanachanganya vyombo viwili. Regilatere inasawazisha nguvu ya umeme, lakini umeme ukikatika, nayo inazimika. Ondilere iko na batiri ndani: inampa mutu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima muzuri. Mwenye kompyuta ya meza anahitaji ondilere. Mwenye kompyuta ya kubeba yenye batiri nzima anaweza kutosheka na regilatere. Radi ikipiga, hakuna chombo kati ya hivyo chenye kutosha. Dawa ni kuchomoa tu.

Wakati wa kuandika, zoea kubonyeza Ctrl na S kila nyuma ya ukurasa. Haichukue hata sekonde mbili.

Flashi na virusi

Katika miji ya Kivu, virusi vingi vinapita kwenye flashi. Mutu anaenda kuchapisha barua kwenye sekretaria, flashi inaingia ndani ya kompyuta yenye imepokea flashi za watu makumi tangu asubui, kisha inarudi nyumbani na mugeni.

Alama inajulikana: folda zote zinageuka kuwa vishale vya njia ya mukato, na faili hazionekane. Wengi wanaogopa na kufuta yote, ao wanalipa. Lakini mara nyingi faili bado ziko, zimefichwa tu. Kwenye Windows, mutu anafungua cmd na kuandika amri hii, akiweka herufi ya flashi yake pahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zikionekana, nakili zile za kweli, usibofye vile vishale, pitisha antivirusi, kisha safisha flashi kwa kuiformati. Windows 10 na 11 ziko na antivirusi yao ndani, Defender, ya bure. Inatosha kwa nyumba nyingi, kama haijazimwa na inapata mises a jour mara kwa mara.

Njia rahisi zaidi ni kuwa na flashi mbili: moja ya kwenda inje, yenye kubeba faili ya kuchapisha tu, na ingine ya nyumbani yenye haitoke. Barua ya kuchapisha igeuzwe kuwa PDF, ili hata maandishi yasibadilike kwenye kompyuta ya wengine.

Programu za kukraki

Windows ao Office yenye kukrakiwa inaonekana ya bure, lakini mutu mwenye aliifungua kufuli anaweza kuacha mulango wazi nyuma yake. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta bado inatembea, lakini tundu jipya lenye kugunduliwa linaweza kubaki wazi. Kwa mashini ya zamani yenye haiwezi kubeba Windows 11, kuna Ubuntu, yenye iko ya bure kwa haki, na LibreOffice, yenye kufungua faili nyingi za Word na Excel. Virusi vya flashi vilivyotengenezwa kwa Windows havitembee kwenye Ubuntu.

Mwizi, fundi na neno la siri

Neno la siri la kuwasha kompyuta halimuzuii mwizi mwenye kujua kazi: anatoa diski na kuisoma kwa mashini ingine. Kama kuna faili za siri, kama vile majina ya wagonjwa, ya watu waliotoa ushuhuda, ao hesabu za kikundi, ziwekwe ndani ya sanduku lenye kufungwa na programu kama VeraCrypt, ya bure. Lakini kuwa mwangalifu: neno la siri la VeraCrypt likisahauliwa, hakuna fundi mwenye atafungua.

Mbele ya kupeleka kompyuta kwa fundi, toa kopi ya kila kitu, na funga kwanza akaunti za barua na za feza. Mbele ya kuiuzisha, kumbuka kwamba kufuta faili hakuiondoe kweli. Mununuzi anaweza kuirudisha. Omba fundi asafishe diski nzima, ao toa diski ubaki nayo.

Sheria nayo iko. Kodi ya numeriki ya Kongo, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inakataza kuingia ndani ya kompyuta ya mwengine bila ruhusa, na inalinda habari za watu binafsi.

Kopi tatu

Yote hayo yanapunguza hatari, lakini hayaimalize. Chenye kuokoa faili ni kopi. Kanuni yenye ilienezwa na mupiga picha Mumarekani Peter Krogh ni rahisi: kopi tatu, kwenye vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali na nyumba.

Kwa jamaa ya Songo, hiyo inaweza kuwa hivi. Kopi ya kwanza iko ndani ya kompyuta. Ya pili iko kwenye diski ya inje ao flashi ya nyumbani, yenye haikae kwenye mufuko mumoja na kompyuta, juu mwizi anabeba vyote pamoja. Ya tatu iko kwa shangazi kule Bukavu, kwa ndugu kule Baraka ao Bujumbura, ao kwenye intaneti.

Kwa intaneti, megabiti ziko bei, basi chagua. Akaunti ya Google inatoa giga 15 za bure, na barua moja ya Gmail inabeba megabaiti 25. TFC nzima yenye maandishi tu haifike kawaida megabaiti moja ao mbili: kujitumia barua pepe kila juma ni bei ndogo sana. Picha na video zibaki kwa diski.

Flashi nazo zisiaminiwe kupita kiasi. Zinazeeka, na zingine za bei ndogo zimeandikwa giga nyingi zenye hazina. Zikijaa, faili mupya zinaharibu za zamani. Kila nyuma ya kunakili, fungua faili mbili ao tatu kutoka kwenye kopi yenyewe. Kopi yenye haijafunguliwa hata mara moja, hakuna mwenye kujua kama ni kopi.

Diploma, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba vipigwe picha pia. Picha haichukue pahali pa karatasi ya kweli, lakini inabeba namba, tarehe na muhuri, na hiyo inasaidia ofisi kutafuta kitabu chake. Flashi ndogo yenye picha hizo, ndani ya sanduku la VeraCrypt, ikae ndani ya mufuko wa plastiki pamoja na karatasi za jamaa. Siku maji yanaingia ao watu wanakimbia, hakuna mwenye anabeba kompyuta ya meza juu ya kichwa. Mufuko ule, hata mutoto anaubeba.