Sindano za Mitishamba za China na Kipimo cha Mzio

Sindano ya kwanza ya mitishamba nchini China ilizaliwa vitani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika milima ya Taihang, jeshi la wakomunisti lililokuwa likipigana na Wajapani lilipungukiwa na dawa za malaria na homa. Wafamasia wake walichukua mizizi ya chaihu, ambayo Wachina waliichemsha na kuinywa tangu kale, wakaikeneka kwa mvuke na kutia maji yake katika chupa za sindano. Katika miongo iliyofuata sindano za aina hiyo ziliongezeka sana, na baadaye nyingi zikawa za kutiwa mshipani kwa dripu.

Hapo ndipo hatari ilipoanzia. Dawa inayonywewa hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini; ya mshipani huingia moja kwa moja katika damu. Artesuneti, inayotumika Afrika Mashariki kwa malaria kali, nayo chimbuko lake ni mmea wa Kichina, lakini ni molekuli moja inayojulikana. Sindano ya mitishamba ni mchanganyiko wa viambato vingi, na mara nyingine hutiwa polisobeti 80 ili viyeyuke. Kiyeyushi hicho chenyewe huweza kuleta dalili za mzio.

Kipimo cha usalama kilichozoeleka kilijengwa juu ya ugunduzi wa Charles Richet na Paul Portier wa mwaka 1902: mbwa aliyestahimili sumu ya kiumbe wa baharini mara ya kwanza alikufa kwa dozi ndogo ya mara ya pili. Kwa kufuata mantiki hiyo, simbilisi hudungwa dawa tumboni mara tatu, siku moja ikirukwa kila baada ya sindano. Siku ya 14 au ya 21 tangu sindano ya kwanza, hudungwa tena, safari hii mshipani, kisha mpimaji huangalia kama manyoya yanasimama, kama anakohoa, anahema kwa shida au anaanguka.

Kipimo hicho kina pengo kubwa: humngojea mgonjwa wa mara ya pili. Wagonjwa wengi walizidiwa dakika chache baada ya sindano yao ya kwanza kabisa, kabla mwili haujapata nafasi ya kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa. Tarehe 1 Juni 2006, serikali ya China ilisimamisha sindano saba zenye yuxingcao, mmea uliotumiwa sana kwa maambukizi ya mapafu, baada ya taarifa za mzio mkali na vifo. Si kila kifo kilikuwa cha mzio, hata hivyo. Mkoani Yunnan mwaka 2008, watu watatu walikufa baada ya kudungwa sindano ya mmea mwingine, ciwujia. Uchunguzi ulikuta bakteria katika dawa iliyolowa maji ya mvua ghalani kisha ikabandikwa lebo mpya.

Watafiti wakageukia mzio bandia, yaani ule usiohitaji kingamwili, ambapo dawa hugusa seli za kinga ziitwazo seli za masti na kuzifanya zimwage histamini papo hapo. Panya mdogo hudungwa dawa mara moja pamoja na rangi ya buluu iitwayo Evans. Mishipa ikivuja, masikio yake hugeuka buluu. Hukatwa, rangi ikakamuliwa na kupimwa. Ni kipimo chepesi, na kinajibu swali ambalo simbilisi hawakuwahi kuulizwa.

Mwaka 2015, timu ya Dong Xinzhong wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilionyesha mlango wenyewe: kipokezi MRGPRX2 kilicho juu ya seli za masti za binadamu. Panya ana kinachofanana nacho, MrgprB2, ila viwili hivyo havishiki dawa kwa nguvu sawa. Kwa hiyo sikio lisilogeuka buluu halitoshi kuihalalisha dawa. Maabara makini hupima pia kwenye seli zenye kipokezi cha binadamu.