Saladi ya matango ya Kikorea mjini Goma

Saladi ya matango ya Kikorea (kwa Kikorea *oi-muchim*) ni kitoweo cha pembeni cha matango mabichi yaliyokatwa, yakatiwa chumvi na kukamuliwa, kisha yakachanganywa na pilipili, kitunguu saumu, siki, sukari na ufuta. Huliwa ikiwa baridi, saa ileile inapotengenezwa. Mjini Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tango hujulikana zaidi kwa jina la *konkombre*, na viungo vingi vya saladi hii vinapatikana sokoni au vina badala yake. Jambo linalotaka uangalifu mkubwa ni maji, kwa sababu saladi hii haipiti motoni, na Goma ni mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara.

Asili na nafasi yake mezani

Katika mlo wa Kikorea, wali na supu huzungukwa na visahani vingi vya vitoweo, viitwavyo *banchan*, ambavyo walaji hula kwa pamoja. Oi-muchim ni kimojawapo. Haichachushwi kama kimchi. Vitoweo vingine vya tango katika upishi huo ni *oi-sobagi*, tango lililopasuliwa na kujazwa viungo kisha likaachwa lichachuke; *oiji*, tango zima lililolazwa katika maji ya chumvi kwa siku nyingi; na *oi-naengguk*, supu baridi ya tango. Korea ina majira manne, na vyakula hivi huhesabiwa kuwa vya majira ya joto. Goma, iliyo karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, haina majira ya namna hiyo. Hapa saladi huliwa mwezi wowote ambao matango yamefika sokoni.

Pilipili, inayoipa saladi rangi na ukali, si mmea wa asili wa Korea wala wa Kongo. Ilitoka bara la Amerika. Kwa maelezo yaliyozoeleka, ilifika Korea mwishoni mwa karne ya 16, karibu na miaka ya vita vya Imjin, Japani ilipoivamia Korea (1592–1598). Barani Afrika ililetwa na Wareno.

Kwa msomaji wa Kiswahili, chakula kinachofanana zaidi na oi-muchim ni kachumbari. Mtengeneza kachumbari huvuruga vitunguu kwa chumvi, akavikamua na kuvisuuza ili vipungue ukali. Mtengeneza oi-muchim hulitendea tango vivyo hivyo ili lipungue maji. Baada ya hapo vyakula hivi viwili huachana. Kachumbari hutegemea nyanya na ndimu, na mara nyingi haina kitunguu saumu. Oi-muchim haina nyanya, na ladha yake imesimama juu ya vitu vitano: chumvi, uchachu, utamu, ukali na harufu ya ufuta uliokaangwa.

Tango

Tango (*Cucumis sativus*) ni la jamii moja na maboga na matikiti. Asili yake ni Asia ya Kusini, chini ya milima ya Himalaya. Kiasi cha asilimia 95 ya uzito wake ni maji, na sehemu kubwa ya kazi ya mpishi ni kuamua maji hayo yatoke lini: kabla ya viungo kutiwa, au baadaye yakiwa tayari kwenye sahani.

Matango yanayopendwa Korea kwa saladi hii ni membamba, yenye ngozi nyororo na mbegu changa. Tango nene lililokomaa lina ngozi ngumu na mbegu kubwa, nalo hutakiwa kupasuliwa kwa urefu na kukwanguliwa mbegu kwa kijiko kabla ya kukatwa. Uchungu unaopatikana katika baadhi ya matango unatokana na kemikali ziitwazo kukurbitasini. Huzidi mmea unapokosa maji au kupigwa na joto kali, na hukusanyika zaidi upande wa kikonyo. Ndiyo sababu ncha hiyo hukatwa na kuonjwa kwanza.

Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, mlima uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Mawe mapya hayalimiki, lakini udongo wa volkeno wa zamani ndio unaoyapa rutuba mashamba ya jirani. Chakula cha mji hutoka Rutshuru upande wa kaskazini, Masisi upande wa magharibi, Minova kwa mashua zinazotia nanga katika soko la Kituku kwenye Ziwa Kivu, na ng'ambo ya mpaka, Rubavu nchini Rwanda. Tango hupenda joto, hivyo uwanda wa Rutshuru na mwambao wa ziwa hulifaa kuliko vilele vya Masisi vyenye baridi. Njia hizi zikifungwa, bei za mboga hupanda upesi, kama ilivyokuwa Februari 2024 mapigano yalipoufikia mji wa Sake, penye njia panda ya kwenda Masisi na Minova. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma wenyewe.

Viungo na badala yake

Kipimo hiki chatosha watu wanne wanaokula saladi kama kitoweo cha pembeni:

- matango mawili ya wastani, jumla ya gramu 500 hivi
- chumvi, kijiko kimoja cha chai
- kitunguu saumu, punje moja au mbili zilizopondwa
- majani ya kitunguu, mche mmoja uliokatwa vipande vidogo
- pilipili ya unga (kiasi kinaelezwa hapa chini)
- siki au maji ya ndimu, kijiko kimoja cha mezani
- sukari, kijiko kimoja cha chai
- mchuzi wa soya, kijiko kimoja cha chai
- mafuta ya ufuta, kijiko kimoja cha chai
- ufuta uliokaangwa, kijiko kimoja cha mezani

*Pilipili.* Wakorea hutumia *gochugaru*, pilipili nyekundu iliyokaushwa na kusagwa vipande vipande, isiyo kali sana, kwa hiyo kijiko kizima cha mezani ni kiasi cha kawaida. Pilipili fupi zenye mikunjo zinazopendwa Kongo ni za aina nyingine, *Capsicum chinense*, na ukali wake unaweza kupita ule wa gochugaru mara kumi na zaidi. Anayezitumia aanze na robo ya kijiko cha chai. Rangi nyekundu itakayokosekana hupatikana kwa kuongeza unga wa paprika, au pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa na kusagwa.

*Siki.* Siki ya Kikorea hutengenezwa kwa mchele au matunda. Siki nyeupe ya dukani ikiwa kali yafaa ipunguzwe kwa maji yaliyotibiwa. Ndimu hubadilisha harufu ya saladi lakini hufanya kazi ileile ya uchachu.

*Soya.* Katika Kivu soya inajulikana zaidi kama unga wa uji wa watoto kuliko kama mchuzi. Mchuzi wa soya hutokana na soya na ngano zilizochachushwa kwa muda mrefu, na unga hauwezi kushika nafasi yake. Ukikosekana, ni afadhali kuongeza chumvi kidogo na kuuacha.

*Ufuta.* Mafuta ya ufuta ya Kikorea hukamuliwa kutoka mbegu zilizokwisha kukaangwa, ndiyo maana ni meusi na yana harufu nzito. Yasipopatikana, ufuta mkavu hukaangwa bila mafuta mpaka uanze kurukaruka, ukatwangwa nusu na kutiwa mwishoni. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa huleta ladha inayokaribiana nayo, ingawa saladi huwa nzito zaidi.

Maji na usafi

Mnamo Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya nusu milioni waliingia Goma na viunga vyake kwa siku chache, na kipindupindu pamoja na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Ugonjwa haukutoweka baada ya hapo. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu mabomba na hifadhi ya maji, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi. Kampuni ya taifa ya maji, Regideso, haifikii nyumba zote, na familia nyingi huchota moja kwa moja ziwani. Kando ya ziwa kumewekwa vituo ambapo kila bidoni huwekewa dozi ya klori kabla ya kubebwa nyumbani.

Kwa hali hiyo, maji ya kuoshea matango na majani ya kitunguu yanatakiwa yawe sawa na ya kunywa. Maji ya klori huachwa dakika 30 kabla ya kutumiwa, na yakiwa na tope huchujwa kwanza, kwa kuwa uchafu hula nguvu ya klori. Maji ya kuchemsha yafike kiwango cha kububujika kwa dakika moja. Kwa mwinuko wa Goma, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, na joto hilo bado laua kimelea cha kipindupindu. Mkaa ni gharama, na sehemu kubwa ya ule unaochomwa mjini hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, hivyo klori ndiyo njia nyepesi zaidi kwa nyumba nyingi.

Tango huoshwa likiwa zima, kwa kusuguliwa, kisha humenywa. Likiisha kukatwa halioshwi kwa maji yenye shaka. Ubao na kisu vilivyogusa nyama au samaki mbichi huoshwa kwa sabuni kwanza, na mikono vilevile.

Uchachu una msaada wake. Kimelea cha kipindupindu hakipendi asidi, na utafiti uliofanyika Guinea-Bisau katika miaka ya 1990 uliona kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika chakula waliugua kwa nadra zaidi. Hata hivyo kijiko kimoja cha siki kilichosambaa katika nusu kilo ya matango hakichukui nafasi ya klori.

Utayarishaji

1. Matango yaliyooshwa na kumenywa hupasuliwa kwa urefu, mbegu kubwa hutolewa, kisha hukatwa vipande vyembamba vya milimita tatu hadi tano.
2. Vipande huchanganywa na chumvi katika bakuli na kuachwa dakika 15 hadi 20, vikigeuzwa mara moja.
3. Maji yaliyotoka humwagwa. Vipande hukamuliwa kwa mikono safi, konzi kwa konzi, mpaka vipinde bila kuvunjika. Kipande kimoja huonjwa: kikiwa na chumvi nyingi, vyote husuuzwa upesi kwa maji yaliyotibiwa na kukamuliwa tena.
4. Katika bakuli jingine huchanganywa kitunguu saumu, pilipili, siki, sukari na mchuzi wa soya mpaka sukari iyeyuke.
5. Matango na majani ya kitunguu hutiwa humo na kuchanganywa kwa mkono. Mwenye pilipili kali atumie kijiko au avae glavu.
6. Mafuta na ufuta hutiwa mwisho.

Hatua ya pili na ya tatu ndizo zinazoamua matokeo. Chumvi iliyo nje ya kipande huvuta maji yaliyo ndani ya chembe za tango. Maji hayo yakitolewa mapema, kipande hukaza, huwa na mlio kinapotafunwa, na hupata nafasi ya kunywa siki na pilipili. Anayeruka hatua hii hupata saladi nzuri kwa dakika tano za kwanza. Baada ya hapo chumvi ya mchuzi wa soya hufanya kazi ileile ndani ya sahani, na viungo huelea katika maji. Mafuta nayo yakitangulia huvika vipande utando, na siki haipenyi vizuri.

Kuliwa na kuhifadhi

Mezani Goma saladi hii hufaa pamoja na vyakula vizito au vya mafuta: fufu na maharagwe, makemba ya kukaangwa, nyama ya mbuzi ya kuchoma, tilapia. Hupatana hasa na sambaza waliokaangwa, samaki wadogo (*Limnothrissa miodon*) walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakorea pia huweka dagaa wakavu, *myeolchi*, miongoni mwa visahani vya banchan.

Bila friji, saladi huliwa katika mlo uleule na mabaki hutupwa. Kwenye friji hudumu siku moja hadi mbili, ingawa hulainika. Umeme wa vituo vya nguvu za maji kama kile cha Matebe, Rutshuru, kilichozinduliwa Desemba 2015, umeziwezesha baadhi ya nyumba za Goma kuwa na friji. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, saladi ihesabiwe kama iliyokaa nje. Mwenye wageni wa jioni anaweza kukata, kutia chumvi na kukamua matango mapema, akayaweka peke yake mahali pa baridi, na kuyachanganya na viungo watu wakiwa wameketi.